Kompyuta kuukuu na mfumo usiouzwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida ya kuziba mianya ya usalama katika mfumo wake wa kompyuta uitwao Windows 10. Mfumo huo ulitoka mwaka 2015, na kwa miaka kumi ulizoeleka kila mahali, kuanzia maofisini mpaka kwenye vibanda vya steshenari vya hapa Mtwara, pale tunapokwenda kuchapisha barua, kutoa nakala za vyeti na kujaza fomu za mikopo ya elimu ya juu. Waliotaka kuongezewa muda walitakiwa wajisajili, na nyongeza yenyewe kwa watu wa kawaida ikawekewa ukomo wa Oktoba 2026. Waliobaki waliambiwa wahamie Windows 11.

Hapo ndipo penye tatizo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila kompyuta. Inadai kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya diski isiyopungua GB 64, prosesa ya miaka ya karibuni, na chipu maalumu ya usalama ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Na kompyuta nyingi za huku kwetu ni za mtumba. Zimefanya kazi miaka kadhaa Ulaya au Uarabuni, ndipo zikapanda meli kuja Dar es Salaam, ndipo zikapanda basi kushuka Mtwara. Zinawaka, zinaandika, zinachapa. Lakini mbele ya Windows 11 kompyuta hizo ni kama mzee aliyestaafishwa angali na nguvu za kulima.

Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana njia nne. Ya kwanza ni kununua kompyuta mpya, na bei yake kila mtu anaijua. Ya pili ni kumwita fundi aingize Windows 11 kwa ujanja, jambo ambalo kampuni yenyewe haitoi dhamana kwamba litadumu. Ya tatu ni kuendelea na mfumo wa zamani bila kinga. Ya nne ni kujaribu mfumo mwingine kabisa, usiouzwa, unaoitwa Linux. Wengi wetu tumeichagua njia ya tatu bila hata kujua kwamba tumechagua. Mazungumzo ya leo yanahusu njia ya nne: ni nini, imetoka wapi, na je, inamfaa mtu wa kawaida wa Shangani, Chikongola au Mikindani?

Kwanza tuone kwa nini jambo hili si la mwenye duka peke yake. Kompyuta ya steshenari ni mali ya mtu mmoja, lakini vilivyomo ndani yake ni vya mji mzima. Humo mna namba za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, wasifu wa watafuta kazi, mikataba ya viwanja na taarifa za vyama vya msingi vya korosho. Mwananchi huleta flashi yake, ikachomekwa, ikachomolewa, ikaenda kuchomekwa ofisi nyingine. Nani asiyejua ule ugonjwa wa mafaili kugeuka shotikati? Kirusi kikiingia mashine moja jioni, asubuhi kimeshafika shuleni na zahanati. Kwa hiyo kompyuta isiyozibwa mianya ni kama kisima kisicho na mfuniko katikati ya mtaa.

Sasa tuje kwenye maana. Mfumo endeshi ni programu mama inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayosimamia kioo, kibodi, kipanya, diski na printa; ndiyo inayoiruhusu programu ya kuandikia barua au ya kupigia hesabu ifanye kazi. Ukipenda ifananishe na nahodha. Abiria hawaji bandarini kumtazama nahodha, wanakuja kusafiri. Hata hivyo bila nahodha chombo hakiondoki.

Windows inauzwa, na anayeinunua hununua ruhusa ya kuitumia tu. Maandishi yaliyoandikwa na mafundi wakati wa kuitengeneza, ambayo wataalamu huyaita msimbo chanzo, ni siri ya kampuni. Ni sawa na kununua mashua, halafu fundi akakuambia: mashua hii ni yako kupanda, lakini ikivuja usiguse ubao wowote, usimwite fundi mwingine, wala usimwonyeshe jirani ilivyoundwa ili naye aunde ya kwake, ningoje mimi. Programu huria ni mashua ya namna nyingine. Unapewa pamoja na mchoro wake. Unaweza kuipanda, kuifungua, kuitengeneza, kuiongeza tanga, na kuunda nyingine kama hiyo ukamgawia jirani. Sharti kubwa katika leseni yake iliyo maarufu ni kwamba ukimgawia mwenzako, basi naye umpe mchoro na haki zile zile ulizopewa wewe.

Fikra hiyo ilianzishwa rasmi mwaka 1983 na Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mradi wa kuandika mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Mwaka 1989 ikatoka leseni niliyoitaja. Kilichokuwa kimekosekana ni kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na vyuma vya kompyuta. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika kiini cha namna hiyo. Kiini hicho ndicho Linux. Leo huandikwa na maelfu ya mafundi duniani, wengi wao wakilipwa mishahara na makampuni makubwa kama vile Intel, Google na IBM, na hata Microsoft yenyewe huchangia.

Msikilizaji atauliza, kama kitu hakiuzwi, wanakula wapi? Jibu ni kwamba wanauza huduma. Benki au shirika la simu likitumia Linux katika mitambo yake, huhitaji watu wa kuitunza usiku na mchana, na hao hulipwa. Kampuni moja iliyojijenga kwa kazi hiyo, Red Hat, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola za Marekani bilioni 34. Kwa hiyo ule msemo wetu wa rahisi ghali haupaswi kutumiwa hapa kwa haraka. Bure hii haina maana ya kitu hafifu. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zimekuwa zikiendeshwa kwa Linux.

Tena si lazima twende mbali. Simu ya Android iliyoko mfukoni mwako imejengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux. Mvuvi wa Msimbati anayetuma fedha kwa simu ya namna hiyo amekuwa mtumiaji wa Linux siku nyingi, ila hakuna aliyemwambia. Hali kadhalika, taarifa za hospitali na zahanati zetu hukusanywa kitaifa kwa mfumo uitwao DHIS2, ambao nao ni programu huria, wenye chimbuko katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kuukuza hapa nchini.

Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Kwa hiyo wapo wanaokichukua, wakakiongezea programu za kuandikia, za kutazamia picha, za kusikilizia muziki na za kuingilia intaneti, wakafunga mzigo mmoja na kuupa jina. Mizigo hiyo ni mingi: Debian iliyoanza mwaka 1993, Ubuntu ya mwaka 2004, Linux Mint ya mwaka 2006, na mingineyo. Ubuntu inatuhusu zaidi, kwani aliyeianzisha ni Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, yule aliyesafiri angani mwaka 2002. Jina lenyewe halihitaji mkalimani huku kwetu. Mzulu akisema umuntu, Mmakonde akisema munu, na sisi tukisema mtu, mzizi ni ule ule. Ubuntu ni utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, aliyeomba alitumiwa sidii yake kwa posta bila malipo popote alipo duniani, na kwa njia hiyo iliwafikia wanafunzi wengi wa Afrika ambao intaneti yao ilikuwa ya kubahatisha.

Hapa Tanzania pia jambo hili lina historia yake. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha watumiaji wa kawaida kilikuja kuzikuta kompyuta katika miaka ya tisini, zikiwa zimeshavaa Windows kwa Kiingereza. Miaka kumi baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux, yaani Linux ya Kiswahili. Tunda lake, Jambo OpenOffice, lilitoka Desemba 2004: programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo maelezo yake yote kwenye kioo yalikuwa ya Kiswahili, na iliyogawiwa bure. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake katika miaka hiyo hiyo.

Ni jambo la kujivunia, lakini tuseme kweli: ukiingia leo steshenari yoyote mjini, ni nadra kuona kioo cha Kiswahili. Kwa maoni yangu sababu ziko mbili. Kwanza, vijana walijifunza kompyuta kwa maneno ya Kiingereza, na vyeti vyao vikaandikwa majina ya programu za kampuni moja. Mtu aliyefundishwa kwamba jiko ni la mafuta ya taa peke yake, ukimpa la mkaa atakuambia hajui kupika. Pili, kompyuta hufika dukani ikiwa imeshawekewa Windows. Mteja hachagui mfumo, huukuta. Kwa hiyo ubora wa programu peke yake hautoshi, kama hakuna anayeifundisha na anayeitengeneza inapokwama.

Hata wenye fedha yamewakuta. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamisha kompyuta za ofisi zake kwenda Linux, ukaimaliza kazi hiyo mwaka 2013 ukiwa na kompyuta zaidi ya elfu kumi na nne. Kisha mwaka 2017 madiwani wakaamua kurudi Windows, kwa malalamiko ya watumishi na ugumu wa kubadilishana nyaraka na wengine, na siasa nayo ikiwamo. Lakini mwaka 2024 jimbo jingine la nchi hiyo hiyo, Schleswig-Holstein, lilitangaza kuhamishia kompyuta 30,000 za serikali kwenye programu huria. Sababu yao kubwa ilikuwa kwamba serikali isitegemee kampuni ya ng'ambo kwa kila barua inayoandika. Basi mjadala huu haujafungwa hata kwa matajiri.

Turudi kwa mwenye steshenari wetu. Akitaka kujaribu afanye nini? Uzuri mmoja wa Linux ni kwamba unaweza kuionja kabla ya kuila. Unapakua mzigo wake kutoka intaneti, ambao kwa Linux Mint ni takriban GB 3, ukautia katika flashi ya GB 8 kwa programu maalumu inayoifanya flashi iweze kuwasha kompyuta. Kisha unaizima kompyuta, unaichomeka flashi, unaiwasha na kuiamuru ianzie kwenye flashi badala ya diski. Baada ya dakika chache utaona kioo chenye kitufe cha menyu pembeni, kisicho tofauti sana na ulichozoea. Wakati huo Windows yako imelala ndani ya diski, haijaguswa, mradi hujabofya pale panapokuagiza kuweka mfumo moja kwa moja. Ukiichomoa flashi na kuwasha tena, unarudi ulikotoka. Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2 huweza kuiendesha Mint kwa taabu. Yenye GB 4 huiendesha vizuri. Kwa zilizochoka zaidi ipo mizigo myepesi kama vile Lubuntu.

Wakati wa kuonja huko ndio wakati wa kupima. Je, sauti inatoka? Je, intaneti inashika? Muhimu kuliko yote kwa steshenari: je, printa na skana zinatambuliwa? Hapa ndipo wengi hukwama. Printa huhitaji kijiprogramu cha kuitambulisha kwa mfumo, na watengenezaji wengi huiandikia Windows kwanza. Printa nyingi za HP hazina matatizo, kwa kuwa kampuni hiyo huiandikia Linux programu yake. Lakini zipo za makampuni mengine ambazo hazitakubali kabisa. Afadhali ulijue hilo ukiwa na flashi mkononi kuliko kulijua ukiwa na foleni ya wateja mlangoni.

Kikwazo cha pili ni nyaraka. Linux huja na LibreOffice, mrithi wa OpenOffice tangu mwaka 2010. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel, na barua ya kawaida haipotezi kitu. Lakini waraka wenye majedwali mengi na mapambo huweza kuhama mistari, hasa kama mwandiko uliotumika haumo katika kompyuta yako. Dawa yake ni kugeuza kuwa PDF kabla ya kutuma. Kikwazo cha tatu ni programu maalumu. Ofisi inayotumia Tally kwa mahesabu, au programu yoyote iliyoandikiwa Windows tu, isihame kwa pupa. Kikwazo cha nne ni fundi. Mafundi wetu wengi wanajua kazi moja, ile waiitayo kupiga Windows, na ukimpelekea Linux atakushauri uifute.

Kwa upande wa pili faida nazo zipo. Virusi vingi vinavyotembea kwenye flashi zetu vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na havifanyi kazi ndani ya Linux. Hii haina maana kwamba Linux haishambuliwi. Ina maana kwamba ule ugonjwa wa kila siku wa steshenari unapungua, na mianya inapogunduliwa huzibwa bila kuulizwa kama kompyuta yako ni ya mwaka gani. Aidha, mzigo mmoja uliopakuliwa kwa bando la mtu mmoja unaweza kuwekwa katika kompyuta za mtaa mzima bila kuvunja sheria. Tukumbuke kuwa tangu mwaka 1999 nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na programu za kompyuta zimo miongoni mwa kazi zinazolindwa. Zile Windows za kudurufu tunazopigiwa kwa bei ya soda ni kosa kisheria, na mara nyingi huja na wageni ambao hatukuwaalika. Katika programu huria kunakili ni haki uliyopewa kwa maandishi.

Ushauri wangu ni huu. Mwenye kompyuta tatu asizibadilishe zote kwa siku moja. Aanze na ile kuukuu inayosinzia pembeni, aiweke Linux, aitumie kwa kufungulia flashi za wateja na kuandika barua, na ile yenye programu maalumu aiache kama ilivyo. Kabla ya lolote anakili mafaili yake yote mahali pengine. Mtumiaji wa nyumbani anayetazama picha, kusoma habari na kuandika maombi ya kazi hana haja ya hofu kubwa. Karibu kila anachofanya kinafanyika.

Kwa walimu wa shule za sekondari na vyuo vyetu vya ualimu na ufundi hapa mkoani, nawaomba mlitazame jambo hili kwa jicho la pekee. Kompyuta kumi zilizokataliwa na Windows 11 zikitupwa ni takataka zenye sumu. Zikiwekewa Linux ni darasa. Wapo waliofanya hivyo tayari: katika shule kadhaa za Karatu, mkoani Arusha, mradi uitwao Powering Potential ulipeleka vijikompyuta vidogo vya Raspberry Pi, vinavyotumia umeme wa jua na kuendeshwa kwa Linux. Tena mwanafunzi anayefunguliwa mchoro wa mashua ana nafasi ya kuwa fundi, na mji ukipata vijana watano tu wanaoijua kazi hiyo, lile tatizo la kukosa fundi linakwisha lenyewe.

Na nyinyi vijana wa kupiga Windows, mlioko stendi na sokoni, msiione Linux kuwa mpinzani wa riziki yenu. Kuiweka ni kazi, kuwafundisha wateja ni kazi, kuitafutia printa lugha yake ni kazi, na zote zina ujira wake. Anayetaka kuanza wiki hii anahitaji flashi ya GB 8, bando la GB 3 na kompyuta moja ambayo hakuna anayeililia.